Nani Ataniosha?

Kamina, tarehe 14 Januari 2024

Kwako Kambo François, babu yangu na bwana yangu mzee,

Heri ya mwaka mpya, ingawa hadi barua hii ikufikie mwaka utakuwa umeshachakaa. Mimi mzima. Mikono imeota sugu, maana unovisi hapa ni sala asubuhi, karanga mchana, sala tena jioni. Sikujua kwamba Bwana Yesu anapenda karanga kiasi hiki. Masœur Angèle, mtawa anayetulea sisi manovisi tunaojifunza utawa, ananikemea kila siku kwa kugawa chakula kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia kambo wangu alijaribu miaka ishirini kuubadili mkono huu akashindwa, yeye ataweza kwa miezi minne? Akanipa viazi vya kumenya, sufuria nzima. Nikavimenya kwa mkono huo huo.

Msalimie baba Hervé na mama Orpa. Mwambie mama kwamba kuwa masœur si kufa, na asiniombee kana kwamba nimepotea porini.

Sasa nina neno. Mama Henriette, yule anayeleta mawese kwenu kwa treni na kurudi huku na samaki wakavu wa Tshangalele, ndiye atakayekuwa posta yetu. Simu hatuna, ile ya nyumba hupokea habari za msiba na ugonjwa tu. Basi huyo Mama Henriette ameniambia: "Kambo wako alilala ku lupitalo siku mbili mbele ya Noeli. Nilimuona akitoka, anatembea kama muntu iko na yai mu suruali."

Uliumwa nini? Baba hakupiga simu, kwa hiyo najua ulimkataza. Usinijibu kama mtu anavyomjibu mtoto. Tangu nizaliwe uliniita bibi yako, mke wako wa utani, kama kila kambo anavyomwita mjukuu wake wa kike, na marehemu Kambo Marceline, mkeo, alinigombeza kama mke mwenza kila nilipokula nyama ya sahani yako. Hata kwa hiki kitambaa cheupe kichwani, mpaka siku ya nadhiri mimi bado ni bibi yako, na bibi ana ruhusa ya kuuliza.

Tina


Likasi, tarehe 9 Februari 2024

Kwa bibi yangu aliyenikimbia akaolewa na Mwingine,

Nakusalimu sana, na huyo Mume wako mpya msalimie pia. Mwambie sina ugomvi naye, ila angechagua mwanamke asiyejua kupika sombe. Barua yako imekaa njiani wiki tatu. Treni ilikwama karibu na Luena, na Mama Henriette akalala juu ya madumu yake ili mawese yasitembee.

Huku mvua haitaki kuisha. Barabara ya Kikula imekuwa mto, wenye baiskeli wanazibeba badala ya kubebwa. Baba yako bado anachomelea vyuma kule Kamatanda, anarudi macho mekundu, anakula bukari bila kusema neno. Mama yako anafunga na kuomba. Jina lake katika Biblia ni la yule mkwe aliyegeuka akarudi kwao, lakini Orpa wetu hajageuka hata siku moja, na mimi nasema hivyo kwa heshima. Kuku wako mweupe ametaga mayai saba, nimekula manne.

Kuhusu hospitali, ni jambo dogo. Kitu kidogo kiliingia mahali kisipotakiwa, munganga mwenye koti jeupe akakitoa kwa koleo lake. Nimefanya kazi ya umeme kiwandani miaka thelathini na moja. Fundi akichubuliwa na kazi yake hapigi kelele mtaani. Maneno yameisha.

Lima karanga zako. Usije, niko mzima.

Bwana yako,
François


Kamina, tarehe 3 Machi 2024

Bwana yangu,

Nimefurahi kusikia kuhusu kuku wangu. Mayai manne ni mengi kwa mtu mmoja, nitayadai. Huku tumeanza kung'oa karanga. Nimepunguza kucheka wakati wa sala, na Masœur Angèle ameanza kuniita kwa jina badala ya kuniita "yule wa kushoto".

Siku za Jumatatu na Alhamisi wamenipeleka kwenye zahanati kumsaidia Masœur Suzanne. Wiki iliyopita aliletwa mzee mwenye umri wako. Mkojo ulikuwa umefunga siku mbili, tumbo limevimba, jasho linamtoka, na mkewe anamshika bega. Masœur Suzanne aliniambia nitoke. Kisha akabadili mawazo akasema, "Baki. Wazee hawa wote ni kambo wa mtu." Alipomwekea mpira wa mkojo yule mzee alilia kwa raha, Kambo. Sijawahi kuona mwanamume akilia kwa raha. Mkewe akatuambia kwamba nyumbani alikuwa anajizibua mwenyewe njia ya mkojo kwa kitu chochote chenye tundu, na kwamba mara moja kipande kilibaki ndani.

Nilirudi kwenye viazi vyangu nikakumbuka sanduku lako la vyombo. Nikakumbuka mwaka wa mwisho nilipokuwa nyumbani, ulivyokuwa unakaa msalani hadi nakuja kugonga mlango na kukutania kwamba umelala humo. Nisamehe utani ule. Sikujua.

Kitu gani kiliingia, na nani alikiingiza? Nakuuliza kama bibi.

Tina


Likasi, tarehe 20 Machi 2024

Tina,

Salamu zako zimefika, sote tuko salama, mvua inapungua.

Ni ganda la waya. Shaba niliitoa kwanza, sijakosa akili kiasi hicho. Nililichemsha kwenye maji, nikalipaka mafuta. Bomba likiziba fundi anafungua, hayo ndiyo niliyojiambia. Kwa miezi minane nilifungua vizuri bila mtu kujua. Mwezi wa kumi na mbili likakatika, kipande kikabaki ndani, ikabidi nimwambie baba yako nina tumbo. Pale hospitali yule munganga alikishika kwenye mwanga akasema, "Papa, hii ni ya mita ngapi?" Wauguzi wakacheka. Nami nilicheka, ningefanya nini?

Anasema ni tezi, ile ya wanaume wazee, imevimba na kubana njia. Anasema dawa yake ni kunipasua. Na kama sitaki kupasuliwa, waya mwingine utanipasua wenyewe kwa ndani.

Sikatai kisu, Tina. Wewe unajua hospitali zetu. Muuguzi anachoma sindano na kuandika kwenye karatasi. Kuosha mgonjwa, kumgeuza, kumwaga mkojo wenye damu, kumvalisha, ni kazi ya mtu wake wa kumlinda, garde-malade, wiki mbili mchana na usiku. Usipokuja naye hawakupangii kisu. Sasa mimi niende na nani? Hervé ni mwanangu. Mwana haoni uchi wa baba yake. Tangu Nuhu mambo yako hivyo, na juu ya hilo Biblia na mila zetu hazigombani. Orpa ni mkwe wangu. Mimi na yeye hatujawahi kula sahani moja, na akinikuta sijavaa shati anageukia ukutani. Marceline yuko makaburini mwaka wa nne huu. Anayeruhusiwa ni mjukuu tu, na mjukuu nilimsindikiza mwenyewe hadi kwenye treni, nikambebea sanduku.

Sikulaumu. Uliniuliza kama bibi, nimekujibu kama bwana, basi.

Usije.

François


Kamina, tarehe 5 Mei 2024

Kwako bwana yangu mpendwa,

Nimefika salama. Wote hapa wanakusalimu, hata Masœur Angèle, ambaye ameuliza kama ni kweli una miaka sabini na minne kwa sababu nimekusimulia kama kijana. Karanga zimekauka. Viatu vyangu vya wazi nimevisahau chini ya kitanda chako cha hospitali.

Baba alipopiga simu mwezi uliopita akasema "tena kile kintu, na sasa iko na homa," sikumaliza kusikiliza. Masœur Angèle alinipa siku nane. Kanuni inamruhusu novisi kukaa nje siku kumi na tano tu kwa mwaka huu. Zikizidi analazimika kuzirudisha mwishoni, na zikizidi sana anaanza upya. Siku nne nimezila kwenye treni. Nne nilikuwa nazo na wewe.

Nataka kuziandika, maana hapa siruhusiwi kuzisimulia kila saa. Nilipoingia ulikuwa umegeukia ukuta. Nikasema hodi. Ukasema bila kugeuka, "Nimewaambia asije." Kisha ukanyoosha mkono nyuma kunitafuta. Nakumbuka yule muuguzi, Camille, aliponiona nakuosha mgongo akauliza, "Huyu masœur ni mutoto yako, papa?" Nawe, na homa yako yote, ukamjibu, "Apana. Ni bibi yangu." Akapiga makofi, akionyesha kitambaa changu cha kichwani: "Weye! Bibi na voile?" Chumba kizima kilicheka, hata yule wa kitanda cha dirishani ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumapili. Ulikuwa mwepesi, Kambo. Nilikugeuza kwa mkono mmoja. Sikupenda wepesi ule.

Siku ya nne hukuniaga. Ulisema una usingizi. Nilikaa nje ya mlango kidogo, nikasikia huna usingizi.

Munganga amesema hawezi kukupasua ukiwa na homa. Amekupa vidonge vya kulegeza njia, na baada ya miezi miwili urudi na garde-malade. Unavimeza? Kila jioni? Nimebakiwa na siku saba, na kisu kinataka wiki mbili. Nimepiga hesabu kila namna, haitoshi.

Kuhusu mimi usiulize, niko vizuri. Masœur Angèle anasema nimerudi na uso wa mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nimemwambia ni viatu.

Tina


Likasi, tarehe 30 Juni 2024

Kwa bibi yangu,

Salamu nyingi. Huku ni baridi na vumbi, midomo inapasuka, watu wanaota moto wa makaa asubuhi. Baba yako amepewa zamu ndefu. Mama yako alimleta Mchungaji Éphraïm nyumbani aniombee, na alipaza sauti hivi kwamba sasa Kikula nzima inajua kuna mchawi anayenirushia nyaya tumboni. Jirani mmoja amenishauri nimchunguze shangazi yangu wa mtaa wa Panda. Yule mama ana miaka tisini, hawezi kurusha hata jiwe kwa kuku.

Vidonge ni vizuri. Maji yanatoka kama kiwandani enzi zetu. Munganga nitamwona, nitamwona, si lazima wiki hii.

Mama yako alitaka kuweka magunia ya unga kwenye chumba chako. Nimekataa. Nimesema taa ya humo imeharibika na panya watayala gizani. Ni kweli imeharibika, tangu mwezi ule ulipoondoka. Sijaitengeneza. Fundi wa umeme ana chumba chenye giza nyumbani kwake, watu wanacheka. Viatu vyako nimevileta, viko mlangoni pa chumba hicho, nikipita navisogeza kidogo kwa mguu ili visikae pamoja na vumbi.

Ulipokuwa hapa nilikula vizuri.

Usije, niko mzima kabisa.

François


Likasi, tarehe 2 Septemba 2024

Tina,

Nilikungoja siku tisa.

Kitanda kilikuwa kile kile, cha karibu na mlango. Baba yako alisema amepiga simu Kamina siku ya kwanza na kwamba masœur aliyepokea alisema, "Tutamwambia." Nilihesabu siku mbili za treni, nikaongeza moja ya kukwama Luena, nikaongeza nyingine ya kukwama kokote. Mlango ulipofunguliwa niligeuza kichwa. Alikuwa Camille, au mama wa sabuni, au mtu aliyekosea chumba. Siku ya sita nilimwambia Camille anisaidie kukaa, kwa sababu ukinikuta nimelala utafikiri nimezidiwa. Nikakaa kutwa nzima.

Safari hii walinipasua kidogo chini ya kitovu kukitoa kipande cha waya. Aliyekuwa akienda kumwaga mkojo wangu ni mgeni, mtoto wa mgonjwa mwingine, alinihurumia. Munganga hakucheka. Alivuta kiti akasema figo zimeanza kuchoka, na kwamba mara ya nne nisije kwake, niende moja kwa moja kwa fundi wa majeneza.

Nakuuliza kitu kimoja. Hawakukuruhusu, sivyo? Niandikie kwamba hawakukuruhusu. Nitaelewa, kanuni ni kanuni, nami nimekaa kiwandani najua. Niandikie hivyo tu.

François


Kamina, tarehe 22 Septemba 2024

Bwana yangu François,

Mama Henriette alinipa barua yako langoni na hakutaka kuondoka mpaka niisome. Nimeisoma nimesimama. Watu wa nyumba wote wazima, mvua ya kwanza imenyesha jana. Hizo ndizo habari.

Waliniruhusu, Kambo.

Masœur Angèle alinisainia siku saba zilizobaki, na karatasi ile iko kwenye kitabu changu cha sala hadi leo. Nilifunga mzigo. Nilifika stesheni mapema. Mama Henriette alikuwa amenishikia nafasi kati ya madumu yake, akaita, "Panda, mutoto, panda!" Nilikaa kwenye benchi, mzigo magotini, mpaka treni ikaondoka na yeye dirishani ananipungia asielewe. Nilirudi kwa miguu nikasema treni imejaa. Nimekwisha kuungama uongo huo kwa padri, lakini kwako sijaungama, ndio naungama sasa.

Sikupanda kwa sababu mwezi wa nne, baada ya kukuosha zile siku nne, nilirudi hapa mwili tu. Miezi mitatu nilisali kama mtu anayesoma mabango ya barabarani. Nilijua nikikuosha tena sitarudi Kamina. Na hapa napataka, Kambo. Nataka maisha haya, karanga hizi, wazee wale wa Masœur Suzanne. Nimekukumbuka hadi kifua kinauma, na bado nayataka. Sikujua jinsi ya kukuandikia vitu hivyo viwili katika barua moja. Ukinichukia nitajua kwa nini.

Camille alizungumza na Masœur Suzanne kwa simu juu ya vidonge vyako. Kuna swali moja ambalo sitakuuliza. Unalijua.

Sasa nisikilize. Kambo Marceline aliniambia kwamba mtu akilazimika kuona asichopaswa kuona, mwenye haki anampa kuku mweupe mkononi, na haya inaishia hapo. Mwenye haki juu ya mwili wa mume ni bibi yake. Bibi ni mimi, umenitangaza mwenyewe mbele ya chumba kizima cha hospitali. Basi sikuombi, nakuamuru. Chukua kuku wangu mweupe, mpe baba Hervé mbele ya mama, useme, "Tina amekutuma mahali pake." Mama Henriette anakuletea kitenge cha Kambo Marceline, kile cha bluu nilichokuja nacho huku na kukilalia mwaka mzima. Baba akikuosha akufunike nacho, aoshe kwa chini yake. Hutakuwa uchi, utakuwa umefunikwa na bibi zako wawili.

Nenda kwenye kisu. Usiponitii nitajua kwamba miaka yote uliponiita bibi ulikuwa unacheza tu.

Tina


Likasi, tarehe 17 Novemba 2024

Kwa bibi yangu mkali, Tina,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nje ya nyumba, sio hospitali. Mvua zimeanza vizuri, mama yako amepanda mboga ya lenga-lenga hadi mlangoni pa msalani. Sote tunapumua. Barua hii ni ndefu, mwambie Masœur Angèle akupunguzie viazi.

Barua yako nilikaa nayo wiki mbili mfukoni bila kumwonyesha mtu. Nilikasirika, sikufichi. Siku mbili sikula. Nilisema, mtoto niliyemfundisha kutembea amekaa kwenye benchi akaiacha treni iende. Kisha nikakumbuka siku nilipokusindikiza. Wewe ulipanda, mimi nikabaki pale stesheni hadi wafagiaji waliponiambia nitoke. Kumbe sote wawili tunajua kukaa stesheni.

Na swali lako usilouliza, jibu lake ni ndiyo. Mara ya kwanza mkojo ulinilazimisha. Mara ya pili pia. Mara ya tatu maji yalikuwa yanatoka, vidonge vilikuwa vinafanya kazi, sikuwa na maumivu yoyote. Ila mara ya pili wewe ulikuja. Nilikaa na wazo hilo mwezi wote wa saba kama mtu anayekaa na chupa. Nilijua ni ujinga, nilijua ni hatari, nikafanya. Nilitaka uingie ule mlango useme hodi. Aibu niliyo nayo kuandika hivi ni kubwa kuliko ya kuvuliwa nguo. Nimeungama kwa padri nami, akanipa rozari moja tu. Nadhani alinionea huruma.

Sasa habari za kuku. Nilimshika Jumapili baada ya misa, nikamwita baba yako na mama yako uani. Nikamweka kuku mikononi mwa Hervé nikasema kama ulivyoniamuru. Mama yako alirudi hatua moja: "Ile kuku ni mambo ya giza, baba mukwe." Hervé alikuwa anamtazama kuku, kuku anamtazama. Akauliza, "Tina njo anatuma?" Nikasema ndiyo. Nikamweleza kwa nini nilikataa kisu mwaka mzima, kila kitu, isipokuwa ile mara ya tatu, ambayo ni yako na padri.

Baba yako si mtu wa maneno, unamjua. Siku ile alisema: "Baba, nani alikuambiaka asema siwezi? Minye niko hapa ku nyumba kila siku. Haukuniulizaka hata mara moya."

Ni kweli sikumwuliza. Nilijua mila inavyosema, nikamjibia mwenyewe.

"Nilikuwa nasikia ukilia mule msalani," akasema. "Nilikuwa nasimama inje na siwezi kugonga."

Mama yako akamchukua kuku mikononi mwake. Akasema, "Kuku ni kuku tu, nitaipika." Akaenda kumchinja, akalia jikoni akidhani moshi unamficha.

Walinipasua tarehe ishirini na mbili mwezi wa kumi. Siku ya kwanza Hervé aliniosha amefumba macho, akanimwagia maji sikioni. Nikamwambia, "Fungua macho, utaniua na nyumonia." Akafungua. Aliniosha kwa chini ya kitenge, kama ulivyosema, na ile mikono yake ya kuchomelea, migumu kama msasa. Siku kumi na tatu. Aliomba ruhusa kazini, alilala sakafuni kando yangu kwenye mkeka. Tumezungumza zaidi kwa siku hizo kuliko miaka ishirini. Amenisimulia habari za Kamatanda ambazo sikuzijua, nami nimemsimulia jinsi nilivyomposa mama yake. Camille aliuliza, "Na huyu ni nani, papa?" Nikasema, "Ni mwanangu." Hakuna aliyecheka, na mimi nilipenda kulisema.

Nakojoa, Tina. Nasimama, nakojoa, naondoka kama mtu yeyote. Munganga ameniambia nirudi mwezi wa kwanza anitazame, basi.

Sikuchukii. Nataka ulijue hilo kabla Mama Henriette hajakupungia mkono tena. Baki huko uliko. Siku ya nadhiri nitakuja kwa treni hiyo hiyo, hata ikwame Luena siku tatu, nikukabidhi mwenyewe kwa huyo Mume wako, na nitamdai mayai yangu. Wewe dai yako manne kwangu.

Nikiwa kwenye kitanda kile, siku niliyokungoja kuliko zote, nilikuwa nimewaambia tena kwamba usije. Barua baada ya barua nimekuandikia usije. Sikuwahi kuandika hata mara moja kwamba nimekukumbuka. Nimekukumbuka sana, bibi yangu. Nakukumbuka asubuhi nikisikia mtu anachota maji, na nikiona mtu yeyote anashika kitu kwa mkono wa kushoto.

Jana nilitoa ule waya kwenye sanduku. Zilikuwa zimebaki mita nne na kidogo. Nimeutumia wote kutengeneza taa ya chumba chako, Hervé akinishikia ngazi, hakikubaki hata kipande cha urefu wa kidole. Swichi nimeiweka upande wa kushoto wa mlango. Bado sijaiwasha.

Wakikuruhusu, siku yoyote, mwaka wowote, njoo uiwashe.

Bwana yako,
François